Kitabu cha Bibi Tulichokisoma Vibaya

Guangzhou, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mama Maryam,

Nimefungua ukurasa mpya wa shajara, nimeandika siku na hali ya hewa kama kawaida yangu, kisha nikakaa na kalamu mkononi. Leo sina la kujiandikia mwenyewe. Yote niliyo nayo ni yako, kwa hiyo nakuandikia wewe. Sijui kama kwenu Waislamu jambo hili linaruhusiwa. Kwetu kanisani hakuna aliyewahi kunikataza, ingawa kusema kweli sikuwahi kuuliza.

Huu ni mwezi wa sita tangu ufariki. Kuta zinatoka jasho tena kama kila mwaka wakati huu, nguo hazikauki, na sakafu ya chumba tunachowasomea watoto kila Jumamosi inateleza hadi nimelazimika kutandika maboksi chini ya mkeka. Mkeka ni mpya. Ule wa kwanza Kelvin aliumwagia maziwa, ukanuka, tukautupa. Najua ungesema tungeuosha. Tuliuosha mara mbili.

Kusoma kwa Jumamosi kunaendelea. Nilitaka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Wiki ya kwanza baada ya msiba nilifikiri hakuna mama atakayeleta mtoto, kwa sababu wewe ndiye uliyefundisha chekechea Mombasa na mimi ni karani wa mizigo tu, niliyeishia kidato cha nne na mwenye mwandiko mzuri. Walikuja wote. Mama Kelvin alitoka moja kwa moja kwenye basi la kutoka Shiling, kwenye masoko ya mikoba, na sampuli zake za mikoba kwapani, akakaa nyuma na kusema, "Soma, Wanza. Mimi mwenyewe sijui hadithi nyingine, nategemea hizi zenu."

Na orodha yako ninayo. Daftari lile la jalada la kijani, Vitabu vya Kupendekeza kwa Watoto Wadogo, na kanuni zako ukurasa wa kwanza. Mtoto asiyefikisha mwaka apewe nyuso na kurasa ngumu, maana atazitafuna. Wa miaka miwili apewe kitabu chenye jambo linalorudi kila ukurasa, ili naye aliseme. Wa miaka mitatu na kuendelea apewe kitabu chenye kitu kidogo pembeni ambacho mtu mzima hakioni, ili awe na la kutufundisha. Ukurasa wa mwisho usihubiri. Na ile kanuni ya mwisho uliyoipigia mstari, kwamba kitabu hakiingii kwenye orodha kwa sababu mtu mzima amekipenda. Kinaingia mtoto akikiomba mara tatu kwa siku tatu tofauti. Kazi yangu ilikuwa kuandika tarehe za kuombwa. Nafikiri ndiyo sababu ulinichagua. Ulinikuta nikiandika tarehe kwenye kopo la majani ya chai.

Nakumbuka jinsi tulivyovitafuta. Tunapanda ghorofani kwa yule muuza vitabu vilivyotumika, tunachuchumaa, unafungua kimoja kimoja. Kichina chetu kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kusema hapana. Hatukuweza kusoma hata jalada. Ulikuwa ukisema, "Picha zinatosha. Kitabu cha mtoto kikihitaji maneno ili kieleweke, mwachie mwenyewe." Kisha tunakaa mezani kwako, unatunga hadithi kwa kufuata picha, mimi naandika Kiswahili chake kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika juu ya maandishi ya Kichina. Hivyo tulimpata Paka wa Duka la Miavuli. Hivyo tulipata Tingatinga Limepoteza Kitu. Na hivyo tulipata Bibi Amekwenda Sokoni, ambacho ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Lakini kwanza lazima nikwambie lile lililoamuliwa bila wewe.

Uliondoka hapa mwezi wa tisa na begi moja, ukasema ni matibabu ya wiki nne. Mwezi wa kumi na moja simu ikaja. Baba Maryam alisafiri siku ileile, akakukuta umeshazikwa, kama ilivyo desturi yenu. Maryam alibaki kwangu siku kumi na moja. Shemeji aliporudi, alisimama mlangoni kwangu na koti bado liko mwilini, akasema, "Shemeji Wanza, nakuomba. Mtoto asijue kwanza. Amalize chekechea. Mwezi wa saba nitampeleka nyumbani, bibi yake ndiye atamwambia." Nilikubali. Ni mtoto wake, na alikuwa na uso ambao huwezi kuukatalia kitu.

Kwa hiyo Maryam alipouliza, tulijibu, "Mama yuko Mombasa." Wote tulisema hivyo, mimi, baba yake, kina mama wa Jumamosi. Nilijiambia kwamba huo si uongo. Upo Mombasa kweli.

Sasa kitabu. Unakikumbuka vizuri. Bibi mwenye kikapu cha buluu na mjukuu wa kike. Wanapanda vitunguu kwenye ndoo ubarazani, wanavuka daraja, wanakula tambi bakuli moja. Kisha Bibi anaonekana amelala na watu wamekaa karibu, nasi tukaandika, "Bibi anapumzika kwa safari ya kesho." Kisha kiti kitupu. Tukaandika, "Bibi ameamka mapema, amekwenda sokoni." Kisha ukurasa wa mwisho, mtoto amesimama mbele ya meza, ukutani pana picha ya Bibi ndani ya fremu, na mezani pana machungwa matatu kwenye sahani. Wewe ulisema hata kwenu Kisauni picha ya bibi iko ukutani sebuleni, na yeye mwenyewe amekaa chini yake anamenya viazi. Tukaandika, "Bibi ametuachia machungwa tule mpaka arudi." Ulifurahi sana na sentensi hiyo. Ulisema ina ladha.

Kiliingia kwenye orodha haraka kuliko vyote. Nimetazama tarehe. Maryam ndiye aliyekiomba zaidi, na baada ya wewe kuondoka alikiomba kila Jumamosi, bila kukosa hata moja. Mimi, kwa akili zangu, niliona sababu. Nikaandika kwenye shajara, "M. anakipenda kwa kuwa Bibi atarudi. Kinamtuliza." Nikakipendekeza kwa kina mama wengine katika kundi letu la simu, nikaandika kwamba kinafaa sana kwa mtoto ambaye mzazi wake yuko safarini. Wengi wao wanasafiri. Walikitafuta, wakakipata, wakanakili maneno yetu.

Jumamosi iliyopita, si ya jana, watoto walikaa kama kawaida. Kelvin akasema, "Anti, soma ya tingatinga." Maryam akasema, "Ya Bibi." Kelvin akageuka akamtazama. "Kila siku Bibi. Huyo Bibi hachoki kwenda soko?" Kina mama wakacheka. Mama Kelvin akasema kutoka nyuma, "Muache bibi wa watu. Labda bado anabishana bei."

Maryam hakucheka. Unajua sauti yake anapokosoa mtu, ile ya upole, kana kwamba anakuhurumia. Alisema, "Hayuko sokoni. Amekufa."

Nilisema kitu cha kijinga, nafikiri nilisema, "Nani kakwambia, mama?" Akaja mbele, akakichukua kitabu mapajani mwangu, akafungua ukurasa wa mwisho. Kwa unyevu wa majira haya vipande vyangu vinabanduka, na hicho kilikuwa kinaning'inia kona moja. Akaweka kidole kwenye fremu. "Laoshi alitusomea hiki shuleni," akasema. Laoshi ndivyo wanavyomwita mwalimu wao. "Picha hivi, na machungwa mbele yake, ni ya mtu aliyekufa. Machungwa ni yake. Siyo ya mtoto kula."

Mama Maryam, miaka yote hii mjini hapa, nimeingia maduka mangapi, nimeona picha ngapi za wazee zenye matunda mbele yake, na sikuwahi kuunganisha. Wala wewe. Tuliona picha ya bibi ukutani tukaona ya kwetu.

Nikamuuliza alijua lini. Akasema tangu alipokuwa darasa la wadogo. Nikahesabu. Ni kabla hujaondoka. "Mbona hukusema?" Akasema, "Mama alikuwa anasoma hivyo. Nikamuacha." Kisha akasema jambo ambalo nimeliandika siku hiyo neno kwa neno, na ninalinakili hapa kama lilivyo: "Nilikuwa naleta kitabu ili siku moja usome vizuri, Anti."

Kumbe hakuwa anatulizwa. Alikuwa anatupa nafasi, wiki baada ya wiki.

Nilidhani amemaliza. Akafunga kitabu, akasema, si kwa kunong'ona, watu wote wakisikia, "Mkisema Mama yuko Mombasa, mnasema kwa sauti hiyohiyo ya Bibi sokoni."

Nilikuwa nimemwahidi baba yake, na nilikuwa nimeshika mkono wa mtoto wako, na mambo hayo mawili hayakukaa pamoja. Nilisema tu, "Nitaongea na Baba." Akasema, "Sawa," akaenda kwenye rafu akamletea Kelvin kitabu chake cha tingatinga. Nilikisoma chote. Sijui nilisoma nini.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda Pazhou, kwenye kumbi za maonyesho ya biashara. Maonyesho yameanza, na shemeji ni mkalimani wa wanunuzi kutoka nyumbani, kama kila msimu. Alitoka saa ya chakula na kitambulisho shingoni na boksi lake la wali, tukakaa kwenye ngazi za nje. Nikampa kitabu. Alikuwa hajawahi kukifungua. Jumamosi ni zetu, alikuwa akisema, yeye kazi yake ni kuleta mtoto na kumchukua.

Nilikuwa nimeshabandua vipande vyote. Alisoma Kichina chake mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo, akanitafsiria polepole. Bibi alipanda vitunguu na mimi. Bibi aliugua. Bibi amelala na hataamka tena. Kiti chake bado kinaitwa kiti cha Bibi. Tumemwekea machungwa, kwa sababu aliyapenda, na sisi bado tunampenda. Akaniuliza, "Nyinyi hapa mliandika nini?" Nikamwambia. Ametuachia machungwa tule mpaka arudi. Akacheka. Alicheka kweli, Mama Maryam, watu wakageuka kututazama, akasema, "Huyu ni Zuhura kabisa. Kila mtu lazima ale." Kisha kicheko kikambadilikia usoni, akaweka boksi la wali chini.

Nikamweleza yote ya Jumamosi. Alibisha kwanza. "Ni mtoto, Wanza. Anabahatisha." Nikasema, "Shemeji, anajua. Ila amebaki peke yake na kujua huko, maana kila mtu mzima anamsomea sokoni." Alizungusha kamba ya kitambulisho kidoleni, hata nikadhani amekasirika. Halafu akasema, "Kutwa nzima natafsiri maneno ya watu hapa. Hilo moja sipati pa kulianzia." Nilimwambia aseme kama kitabu kilivyosema, kwa maneno mafupi, na asitafute mazuri.

Jumanne, Maryam alipotoka shule, tulikuwa wote wawili nyumbani kwako. Nilitaka kuwaacha, shemeji akaniomba nibaki. Walikaa sakafuni karibu na dirisha. Akasema, "Maryam, Mama amekufa. Alikuwa mgonjwa sana. Madaktari walijaribu, hawakuweza. Amezikwa Mombasa, karibu na babu yako." Sauti yake ilikatika kwenye neno babu. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Maryam akauliza, "Lini?"

Akamwambia mwezi. Mtoto akafikiri, nikaona anatafuta mahali pa kuupima mwezi huo. "Kabla ya siku niliyokuwa sungura?" Ile michezo ya shule yao ya mwisho wa mwaka, alivaa masikio meupe, tulimpiga video.

"Kabla."

"Kwa hiyo Mama hakuona video."

"Hakuona."

"Ulisema ameona. Ulisema amecheka sana na masikio."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa ajili ya ile video. Baba yake akamvuta kifuani akasema, "Nilikudanganya. Nisamehe. Sitakudanganya tena juu ya Mama." Alisema hivyo mara nyingi. Mimi nilikwenda jikoni, nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Walipotulia niliwapikia ugali na mayai, wakala wote wawili. Maryam aliomba mayai mengine.

Sasa habari za orodha, maana najua ungeuliza.

Nilituma ujumbe kwenye kundi la kina mama siku iliyofuata. Niliuandika kwanza kwenye karatasi, nikaufuta, nikaandika tena. Nilisema tulikosea. Nilisema kitabu cha Bibi kinabaki kwenye orodha, kwa sababu watoto walikiomba na kanuni ni yako, ila maneno tuliyobandika yaondolewe, na maneno ya kweli ni haya, nikayaandika yote kama shemeji alivyonitafsiria. Mbele ya jina la kitabu niliandika: miaka minne na kuendelea, kisomwe na mtu mzima aliye tayari kuulizwa. Mama Kelvin akanipigia hapohapo. "Wanza, mimi nimemsomea mtoto bibi wa sokoni miezi yote hii. Sasa nimwambie nini, amepata ajali njiani?" Nikamwambia, "Mwambie tulikosea." Akasema, "Haya. Itakuwa mara ya kwanza ananisikia nikisema hivyo."

Shemeji amejitolea kukagua vyote. Jana alikaa na sisi Jumamosi yote, kwa mara ya kwanza, amekunja miguu mkekani na soksi zake za ofisini, akapitia kimoja baada ya kingine. Paka wa Duka la Miavuli tulimpata karibu sawasawa. Tingatinga halikupoteza kitu, lilikuwa linachimba njia ya treni. Watoto wamekataa. Kelvin amesema tingatinga lake limepoteza kitu na halijakipata, basi. Tumekiacha na maneno yetu, na shemeji ameandika pembeni kwa Kichina kwamba hadithi hii ni ya kutungwa na wasomaji, ili atakayekipata baada yetu asichanganyikiwe. Kuna kingine, cha mlango mwekundu, ambacho amesema chetu ni bora kuliko cha mwandishi mwenyewe. Nilikuandikia tarehe ya sifa hiyo.

Nimeongeza kanuni moja kwenye ukurasa wako wa kwanza. Nimesita sana, maana ni mwandiko wako pale juu na wangu chini yake unaonekana mgeni. Nimeandika: Mtoto akikiomba kitabu mara nyingi mno, muulize anasubiri nini.

Unisamehe kwa kuchelewa. Tarehe zote nilikuwa nazo, zimepangwa safi, Jumamosi baada ya Jumamosi, jina lake mbele ya kila moja. Niliziandika bila kuzisoma.

Maryam yuko salama. Siku nyingine anaamka na hasira, siku nyingine anaimba. Shuleni amewaambia wenzake, na mwalimu wake alimpa kiti karibu naye kwa siku zilizobaki za wiki. Mwezi wa saba watakwenda Mombasa kama ilivyopangwa. Ameshasema anataka kuona mahali penyewe, si picha. Sasa anauliza maswali kutwa nzima, na mengi hayana uzito wowote. Mama alikuwa anakunywa chai na sukari ngapi. Mama alikuwa anaogopa mende au alijifanya. Mama aliwahi kunipiga nilipokuwa mdogo. Namjibu yote. Hilo la kupigwa nimemwambia ulimpiga mara moja tu, alipochezea kibiriti, na kwamba ulilia kuliko yeye.

Jana wakati wa kuondoka, akivaa viatu, aliuliza, "Anti, siku ya kwenda, Mama alikuwa anaogopa?"

Unakumbuka uwanja wa ndege. Shemeji alikuwa amempeleka Maryam kununua maji, ukanishika mkono ukasema, "Wanza, naogopa. Usimwambie mtu." Nilikaa na neno hilo miezi yote hii, sikuliandika hata humu. Nilifikiri nitakufa nalo. Lakini mtoto alikuwa ananitazama, kiatu kimoja mguuni kimoja mkononi, na nilimuona akisikiliza ni sauti gani nitatumia.

Nikasema, "Ndiyo. Aliogopa. Akapanda ndege."

Akafikiri kidogo. Akasema, "Mimi pia ningeogopa," akavaa kiatu cha pili, akamshika baba yake mkono, wakashuka.

Nakuahidi hivi, Mama Maryam. Ninalolijua juu yako nitamwambia, hata lile uliloniomba nifiche. Nisilolijua nitamwambia silijui. Akikua akaniuliza mambo makubwa zaidi, nitajibu nikimtazama usoni. Hilo tu ndilo nililo nalo la kumpa, na silihesabu kuwa dogo.

Muda wote ule nilikuita kwa jina la mtoto, kama heshima inavyotaka. Leo nakuaga kwa jina lako. Kwaheri, Zuhura.

Wanza